Miaka 25 kisha kifo cha Askofu Kataliko: Butembo na Bukavu bado wanamkumbuka

Tarehe 4 mwezi wa kumi 2000, habari ilifika Bukavu kutoka Roma: Askofu mkuu Emmanuel Kataliko amefariki. Wengi walikataa kuamini. Siku 20 tu mbele ya hapo, wakaaji wa mji walikuwa wamejaa barabarani kumpokea, kwani alikuwa anarudi kisha miezi saba ya kuzuiliwa mbali na jimbo lake. Walimpokea akiwa mzima, kisha wakajikuta wanangoja sanduku lake.

Mwaka wa 2025 miaka 25 ilitimia. Na Bukavu ilimkumbuka katika hali ambayo wengi hawakutaka kuiona tena: tangu mwezi wa pili wa mwaka huo, mji ulikuwa mikononi mwa waasi, safari hii wale wa M23. Wale waliokuwa wakubwa wakati wa vita ya RCD hawahitaji kufasiriwa maana ya kuongozwa na watu waliofika na bunduki. Vijana waliozaliwa kisha mwaka wa 2000, wao wanajua jina la Kataliko kwa kulisikia nyumbani na kanisani. Maisha yake yenyewe, kutoka kijiji cha Lukole hadi kaburi lake Bukavu, hayajulikani sana.

Alizaliwa mwaka wa 1932 Lukole, katika nchi ya Wanande, upande ambao leo ni Kivu ya Kaskazini. Mapadri wa shirika la Assomption walikuwa wamefika katika eneo hilo mwaka wa 1929. Maana yake, Kataliko alizaliwa wakati misioni ilikuwa na miaka mitatu tu. Ukristo ulikuwa kitu kipya katika jamaa nyingi, na shule pia. Kwa mtoto wa kijiji aliyetaka kujua kitabu, njia ilikuwa karibu moja tu: shule ya mapadri, na kwa wachache walioonyesha akili na moyo wa sala, seminari.

Yeye aliipita njia hiyo yote. Alifika hata Roma, ambako alisoma teolojia na pia elimu ya jamii, ile inayochunguza namna watu wanavyoishi pamoja, wanavyofanya kazi na kugawana mali. Masomo hayo ya pili yanafaa kukumbukwa, kwa sababu ukitazama kazi zake za baadaye unaona ya kwamba hakuyaacha Roma. Alipewa upadri mwaka wa 1958, miaka miwili mbele ya uhuru.

Miaka iliyofuata haikuwa ya kupumzika. Uhuru ulikuja mwaka wa 1960, uasi wa Simba ukatikisa mashariki mwaka wa 1964, wamisionari na wakristo wengi wakauawa. Katika hali hiyo, mwaka wa 1966, Papa Paulo VI alimchagua padri huyo mwenye miaka 34 kuwa askofu wa Beni, pahali pa Mgr Henri Piérard, mmisionari wa Assomption. Kwa mara ya kwanza jimbo lilipata askofu mzaliwa wa pale pale. Mwaka uliofuata jimbo likabadilishwa jina, likaitwa Butembo-Beni. Aliliongoza kwa zaidi ya miaka 30.

Askofu na barabara

Ukiuliza Butembo juu ya Kataliko, watu hawaanzi na mahubiri. Wanaanza na barabara.

Wakati wa utawala wa Mobutu, serikali ilijiondoa kidogo kidogo katika sehemu hizi. Mishahara ya walimu haikufika, madaraja yalivunjika na hakuna aliyekuja kuyatengeneza, mvua ikapasua barabara hadi gari likamaliza siku nzima kwa safari ya masaa mawili. Kwa watu wanaoishi na kilimo na biashara, barabara mbovu ni njaa. Maharagwe, viazi, mboga, kahawa, vyote vinaozea pale vilipolimwa, ao vinauzwa kwa bei ya kutupa.

Wanande walikuwa na nguvu moja: wachuuzi. Tangu miaka ya 1970, kisha Wazungu wengi kuacha mashamba na maduka yao, watu wa Butembo waliingia katika biashara kwa nguvu. Walipeleka mboga hadi Kisangani. Walivusha kahawa Kasindi kuelekea Uganda. Baadaye walifika Dubai na Hong Kong, wakirudi na nguo, vitenge, vipuri vya magari na pikipiki. Pesa ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu ambaye wote wangemwamini ili waiweke pamoja.

Askofu alikuwa mtu huyo. Alikuwa na neno katika kila parokia, na wachuuzi wakubwa walikuwa waamini wake, wanaomwona kila siku ya Mungu. Aliwaita matajiri watoe pesa na mafuta ya magari, akawaita wanavijiji watoe mikono. Kazi ya salongo, ambayo Mobutu aliifanya kuwa lazima na ambayo watu waliichoka kabisa, ikapata maana nyingine pale ilipoitwa na askofu na matokeo yake yakaonekana. Barabara zilitengenezwa, shule na vituo vya afya vikajengwa, maji yakafikishwa karibu na watu.

Mbele ya hapo alikuwa amepitia mtihani mwingine. Mwisho wa mwaka wa 1974, serikali ilinyang'anya makanisa mashule yote nchini. Ilipofika mwaka wa 1977, ilishindwa kuyaendesha na ikayarudisha. Kwa jimbo kama Butembo-Beni, ambako shule nyingi zilizaliwa na misioni, ilikuwa kazi ya kuanza upya: majengo yamechoka, vitabu havipo, walimu wamekata tamaa. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, desturi ya wazazi kulipa walimu ilianza kushika mizizi katika nchi nzima, desturi ambayo ilidumu kwa miaka mingi na ambayo jamaa maskini zililipa kwa machozi.

Mwaka wa 1989, kulizaliwa Butembo Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kinachojulikana kama UCG. Leo ni jambo la kawaida mtoto wa Butembo kusomea udaktari, sheria ao kilimo bila kuacha mji wake. Wakati ule ilikuwa kama ndoto. Aliyetaka masomo ya juu alipashwa kwenda Kisangani, Lubumbashi ao Kinshasa, na kutoka Butembo hadi Kinshasa hakuna barabara. Ni ndege, na ndege ni pesa. Jamaa nyingi zilikuwa zinachagua mtoto mmoja tu wa kutuma, mara nyingi kijana mwanaume, na wadada wake wanabaki. Chuo hicho kilibadilisha hesabu hiyo.

Si kila mtu alifurahia kila kitu. Kuna watu walioandika na kusema ya kwamba kanisa la Butembo liligeuka kuwa serikali ndogo, na ya kwamba urafiki wa askofu na matajiri uliwafunika matajiri hao, ambao wengine walipitisha dhahabu na bidhaa mpakani bila kulipa chochote. Neno hilo si la kutupa. Mchuuzi anayetoa sementi kwa ajili ya daraja na kukwepa kodi ya mpakani, anajenga nchi ao anaivunja? Wakaaji wa Butembo wanajibu kwa haraka: daraja tunaliona, ile kodi hatukuona ilipokwenda. Jibu ni la kweli kwa sehemu yake. Lakini liliwazoesha watu kuishi bila kudai serikali ifanye kazi yake, na mazoea hayo mashariki yanaendelea hadi leo, ambako vizuizi vya kulipisha barabarani vimekuwa vingi kuliko barabara zenyewe.

Kiti cha mtu aliyeuawa

Tarehe 29 mwezi wa kumi 1996, Askofu mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, Mjezuiti, aliuawa Nyawera, katikati ya mji, siku ambayo wanajeshi kutoka Rwanda na waasi wa AFDL walikuwa wanaikamata Bukavu. Alikuwa amesema wazi mabaya ya wakubwa wa kila upande, na aliwatetea wakimbizi na wakaaji bila kuchagua. Kiti chake kikabaki wazi kwa miezi.

Tarehe 3 mwezi wa tatu 1997, Papa Yohane Paulo II alimtaja Kataliko kuchukua pahali pake. Alikuwa na miaka kama 65. Katika jimbo lake alijulikana na kila mtu, kazi zake zilikuwa zinaonekana, angeweza kuzeekea pale. Pahali pa hiyo alitumwa katika mji ambao si wa kabila lake, wenye majeraha mapya, akikaa katika kiti ambacho mwenye kukitangulia alikufa kwa risasi. Bukavu ni mji wa Bashi, Bahavu, Barega na wengine wengi. Yeye alikuwa Munande. Kuna waliojiuliza kama atawaelewa.

Hakupata muda mrefu wa kujifunza. Tarehe 2 mwezi wa nane 1998 vita ya pili ililipuka, na Bukavu ikawa chini ya RCD, waasi waliosaidiwa na Rwanda. Wiki tatu baadaye, tarehe 24, kulitokea mauaji ya Kasika, katika eneo la Mwenga. Padri, masista na waamini waliuawa katika parokia, na Mwami wa Wanyindu, François Mubeza, aliuawa pia pamoja na watu wa jamaa yake. Kasika ni parokia ya jimbo la Uvira, si ya Bukavu, lakini maumivu hayakuuliza mpaka wa jimbo. Kisha kukaja Makobola, mwanzoni mwa mwaka wa 1999. Mwisho wa mwaka huo, Mwenga, wanawake walizikwa wakiwa wazima.

Ni katika siku hizo ndipo Kataliko aliandika barua yake ya Noeli ya 1999. Aliichukua kutoka kwa nabii Isaya, pale Mungu anapoagiza watu wake wafarijiwe. Lakini haikuwa barua ya faraja peke yake. Alieleza namna mataifa ya kigeni, pamoja na Wakongomani wanaokubali kuwatumikia, wanavyofanya vita kwa kutumia mali ya nchi, mali ambayo ingepashwa kulisha na kusomesha watoto. Alionyesha ya kwamba watu wamenyang'anywa vyote. Na hakuwaacha waamini wenyewe. Sehemu hiyo ya mwisho inasahauliwa mara nyingi na wale wanaopenda kumtaja kama mpinzani wa waasi tu.

Barua ilisomwa katika maparokia. RCD walikasirika, wakamshitaki kwamba anachochea chuki kati ya makabila.

Mji ulipofunga milango

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2000, wakaaji wa Bukavu waliitikia mwito wa shirika la raia wakafanya "ville morte". Kwa wiki nzima maduka yalifungwa, masoko yakabaki matupu, watoto hawakwenda shuleni, magari hayakutembea. Mtu anayejua Bukavu anaelewa uzito wake. Ni mji ambao mama wengi wanauza leo ili watoto wale leo. Kufunga biashara kwa wiki ni kulala njaa kwa kupenda. Wakuu wa RCD waliona nyuma ya mgomo huo mkono wa askofu.

Tarehe 12 mwezi wa pili 2000 walimzuia kuingia Bukavu, wakamlazimisha kukaa Butembo.

Wale waliochagua adhabu hiyo hawakufikiri vizuri. Walitaka kumweka mbali na watu wake, wakamrudisha kwa watu wake wa kwanza. Tena Butembo wakati ule haikuwa chini yao, kwani RCD ilikuwa imegawanyika mwaka wa 1999 na upande wa Beni na Butembo ulishikwa na kundi lingine, lililosaidiwa na Uganda. Askofu alifungwa katika mji ambao kila barabara ilimkumbusha kazi yake, katika jimbo lililokuwa sasa na askofu mwingine, Mgr Melchisédech Sikuli Paluku, ambaye alichukua pahali pake mwaka wa 1998.

Hata hivyo, ilikuwa adhabu. Mchungaji bila kundi ni kama mwalimu aliyeachiwa darasa tupu. Bukavu, waamini walijibu kwa namna yao: kwa siku kadhaa shule za wakatoliki zilifunga, na misa pamoja na ibada nyingine zikasimamishwa katika maparokia, jambo ambalo wazee hawakuwahi kuliona. Watu waliambiana ya kwamba ikiwa baba wa jamaa amefukuzwa, nyumba haiwezi kufanya kama hakuna kilichotokea. Katika mashirika, vile vikundi vidogo vya waamini wanaokutana mtaani kusali na kusaidiana, jina lake lilitajwa katika sala kila wiki. Yeye naye aliendelea kuwaandikia.

Nje ya nchi, maaskofu wenzake na Vatikani walisukuma. Wanaotetea haki za binadamu walipeleka jina lake mbali. Miezi ilipita, ya tatu, ya nne, ya tano. Mwezi wa tano, Katogota, katika bonde la Ruzizi, watu waliuawa usiku, na askofu mkuu wa jimbo hakuweza kufika kulia na mtu.

Mwishowe RCD walilegea. Alirudi Bukavu tarehe 14 mwezi wa kenda, sikukuu ya kutukuka kwa Msalaba. Watu walijaa kandokando ya barabara, na matawi na nyimbo. Alichowaambia kilishangaza wengine waliotaka kusikia maneno ya moto: aliwasamehe waliomfukuza. Hakuondoa hata neno moja la barua yake ya Noeli.

Roma, na kurudi

Wiki chache baadaye alipanda ndege kwenda Italia, ambako maaskofu wa Afrika na Madagaska walikuwa na mkutano, karibu na Roma. Ni huko alikufa, usiku wa kuamkia tarehe 4. Ilisemwa ni moyo. Bukavu, wengi hawakukubali. Uvumi wa sumu ulitembea haraka kuliko ndege iliyoleta mwili, na kuna nyumba ambamo hadi leo hauwezi kusema "moyo" bila mtu kutikisa kichwa. Ushahidi wa sumu haukuonyeshwa. Lakini miezi saba ya kufukuzwa, kwa mtu wa miaka 68, si kitu ambacho moyo unakisahau.

Alizikwa Bukavu, kwenye kanisa kuu la Mama Yetu wa Amani, hakurudishwa kwao. Wanande wengi wangependa alale Butembo, na kwa desturi za mashariki hilo si jambo dogo: mtu analala kwa wazee wake. Jamaa na jimbo lake la kwanza walikubali kumwachia mji aliotumwa. Miaka mitatu na nusu tu alikuwa askofu wao, na sehemu ya muda huo alikuwa amefukuzwa. Butembo walikuwa naye kwa zaidi ya 30.

Kulikuwa na kazi moja ambayo hakuimaliza. Kabla ya kifo chake, watu wa amani wa Kivu pamoja na wenzao wa Ulaya, hasa Waitalia, walikuwa wanatayarisha mkutano mkubwa wa kimataifa juu ya amani katika Afrika, ufanyike Bukavu. Wakuu wa RCD hawakuukubali katika mji huo. Ulifanyika mwishoni mwa mwezi wa pili na mwanzoni mwa mwezi wa tatu 2001, Butembo, na mamia ya wageni walifika, wakilala kwa wakaaji na katika nyumba za parokia, wakipita katika barabara ambazo askofu aliwaita watu kuzitengeneza.

Katika mwezi huo huo wa tatu 2001, Bukavu walipewa askofu mkuu mpya, Charles Mbogha Kambale. Naye alikuwa Munande.